Wenye Nyundo na Wenye Kalamu

Masomo: Nehemia 5:1-13, 1 Wakorintho 12:14-26



 

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo linalonong'onwa kwenye foleni ya maji na kwenye foleni ya mgao, lakini mimbarani halitajwi. Ni uchungu uliopo kati ya wanaokula kwa kazi ya mikono na wanaokula kwa kazi ya kalamu. Siku za kawaida uchungu huo umelala. Mgao ukipunguzwa na watu wakakusanyika kulalamika, unaamka. Mbeba mizigo na mchoma matofali husema, "Hawa wenye beji shingoni wanakula na wakubwa, ndiyo maana wamenyamaza." Naye mwenye beji, awe mwalimu, mkalimani au karani, husema, "Hawa hawakusoma, wanajua kupiga kelele tu." Kumbe wote wawili wana kadi ya mgao ya aina moja, na wote wawili walivuka mpaka na mzigo kichwani.

Tunaogopa, ndugu zetu, kwamba siku moja jiwe litarushwa, na litampiga mtu asiyehusika. Kwa hiyo na tusikie Neno kabla ya siku hiyo.

1. KILIO NDANI YA UKUTA

Wengi tunamjua Nehemia kama mjenzi wa ukuta. Sura ya 3 inataja waliojenga: makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato, wafanya biashara, hata Shalumu pamoja na binti zake. Lakini mstari wa 5 unatuambia jambo la kuhuzunisha: wakuu wa Tekoa hawakukubali kuinamisha shingo zao kwa kazi ile. Watu wao walijenga, wao wakatazama.

Katika sura ya 4 adui yuko nje. Tukifika sura ya 5 kelele inatoka ndani. Watu na wake zao wanawalilia ndugu zao Wayahudi. Wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wamekopa fedha za kodi ya mfalme. Watoto wao wameanza kuwa watumwa. Na anayewadai si mgeni, ni ndugu wa damu.

Angalieni Nehemia anavyofanya. Yeye mwenyewe ni mtu wa ofisi, ametoka ikulu ya Uajemi. Hawaambii wenye njaa, "Nyamazeni, mnaharibu umoja, adui anatusikia." Anakasirika sana, anashauriana na moyo wake, kisha anaitisha mkutano mkubwa na kuwakemea wakuu mbele ya watu wote. Anakiri kwamba hata yeye na vijana wake wamekopesha. Anataka mashamba, nyumba na riba virudishwe siku ileile. Baada ya hapo, sura ya 6 inasema ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Hapo tunajifunza kwamba uchungu wa mtu wa chini mara nyingi una sababu. Kumwambia asiwe na uchungu wakati sababu bado ipo ni kufunga kidonda chenye usaha.

2. MFANO WA NEW YORK, 1970

Sasa tutoke katika Biblia tuingie katika historia. Tunawapa mifano miwili ya nchi za mbali, tena kwa makusudi, ili asiwepo wa kusema, "Leo anasemwa jirani yangu."

Wa kwanza ni wa Marekani. Mwaka 1970 nchi ile ilikuwa vitani Vietnam. Tarehe 4 Mei, katika chuo kikuu cha Kent, jimbo la Ohio, wanajeshi wa akiba wa jimbo waliwapiga risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana, wakafa 4. Meya wa New York, John Lindsay, ambaye alikuwa mwanasheria aliyesoma katika chuo kikuu cha Yale, akaamuru bendera ya ofisi za jiji ishushwe nusu mlingoti.

Ijumaa tarehe 8 Mei wanafunzi walikusanyika mtaa wa Wall Street kupinga vita. Saa ya chakula cha mchana wakatokea mafundi wa ujenzi na kofia zao ngumu kichwani, wengine wakitoka kwenye majengo marefu ya World Trade Center yaliyokuwa yakijengwa karibu na hapo. Wakawapiga wanafunzi kwa ngumi, kwa vyombo vya kazi na kwa kofia zile. Wakaenda ofisi ya meya wakailazimisha bendera ipande tena. Majeruhi walihudumiwa katika kanisa la Trinity, na hata hapo bendera ya Msalaba Mwekundu iling'olewa getini. Watu kama 70 waliumia.

Tukiishia hapo tutasema, "Mafundi walikuwa wakatili." Ukatili ule ulikuwa dhambi, hatuutetei. Lakini tuulize chanzo. Sheria ya wakati ule ilimruhusu kijana aliye chuoni kuahirishiwa kuitwa jeshini. Mtoto wa fundi, aliyemaliza shule akaenda moja kwa moja kazini, hakuwa na kinga hiyo. Kwa hiyo baba mwenye mwana au mpwa huko Vietnam alimtazama mwanafunzi na kuwaza, "Mtoto wangu anakufa, na huyu ambaye hatakwenda anaitukana bendera ya jeneza la mtoto wangu." Naye mwanafunzi alimtazama fundi akaona mjinga apendaye vita. Hakuna aliyemwuliza mwenzake habari za nyumbani kwake. Kama wangeulizana, labda wangegundua kwamba wote walikuwa wakilia kwa ajili ya vijana.

Je, nani alifaidika? Tarehe 26 Mei mwaka huohuo Rais Richard Nixon aliwakaribisha viongozi wa vyama vya mafundi ikulu, wakampa kofia ngumu kama zawadi. Picha zikapigwa, watu wakafurahi. Lakini Februari 1971, kabla hata mwaka haujatimia, Nixon huyohuyo alisimamisha kwa muda sheria iliyolinda ujira wa mafundi katika ujenzi wa serikali. Aliyeipokea kofia yao ndiye aliyeugusa mfuko wao.

Ndugu zetu, likumbukeni hilo. Mtu akikusifu kwa sababu umempiga ndugu yako, usikimbilie kumshukuru.

3. MFANO WA POLAND

Mfano wa pili ni wa Poland, nchi ya Ulaya iliyotawaliwa zamani na chama kimoja cha kikomunisti. Huko nako utengano ulikuwepo, lakini tiba yake pia ilionekana.

Machi 1968 wanafunzi wa Warsaw waliandamana wakidai uhuru wa kusema. Tarehe 8 Machi yaliingia chuoni mabasi yaliyoandikwa kana kwamba yamebeba watu wa matembezi. Wakashuka wanaume wenye virungu, wakatambulishwa kwamba ni wafanyakazi wenye hasira, kumbe wengi walikuwa watu wa usalama waliovaa kiraia. Kisha viwandani ikaitishwa mikutano ya kuwalaani wanafunzi na waandishi. Mioyo ya wafanyakazi wengi ikawa mbali na wasomi.

Desemba 1970 ikawa zamu ya wafanyakazi. Bei ya chakula ilipanda, na wajenzi wa meli wa Gdańsk wakaingia barabarani. Walikwenda hadi chuo cha ufundi wa juu cha mji ule kuwaomba wanafunzi watoke nao. Wengi hawakutoka. Siku zilizofuata jeshi lilipiga risasi katika miji ya pwani, na watu zaidi ya 40 wakafa. Basi mwaka 1968 jicho lililia na mkono haukuja. Mwaka 1970 mkono ulilia na jicho halikuja. Watawala wakakaa salama.

Badiliko lilianza 1976. Mwezi wa Juni bei zilipandishwa tena, wafanyakazi wa Radom na Ursus wakagoma, wakapigwa, wakafukuzwa kazi, wakafungwa. Safari hii wasomi wachache hawakubaki vyumbani mwao kuandika makala ya huruma. Walikwenda mahakamani, wakazungumza na wake za washitakiwa, wakauliza nyumba hii ina watoto wangapi na imebakiwa na nini. Walichangisha fedha, wakatafuta mawakili na madaktari. Mwezi Septemba watu 14 waliunda kamati ya kuwatetea wafanyakazi. Kati yao alikuwemo mwandishi, mwanasheria wa kike, mchumi mzee na padre mzee Jan Zieja. Walichapa majina yao pamoja na anwani na namba za simu, ili mwenye shida ajue pa kubisha, ingawa polisi nao wangejua pa kubisha.

Hilo ndilo lililoyeyusha barafu. Agosti 1980, mama mmoja mwendesha kreni, Anna Walentynowicz, alifukuzwa kazi miezi michache tu kabla ya kustaafu, na wajenzi wa meli wa Gdańsk wakagoma. Wasomi wawili, Tadeusz Mazowiecki na Bronisław Geremek, walifika kuwaletea barua ya kuwaunga mkono. Wafanyakazi hawakuwafukuza. Waliwaambia, kwa maana yake, "Barua ni nzuri, lakini kaeni hapa mtusaidie kuzungumza na serikali." Wakakaa. Aliyeongoza alikuwa fundi umeme, Lech Wałęsa, na wasomi wakawa washauri. Tarehe 31 Agosti mkataba ulisainiwa, na chama cha Solidarność kikakusanya watu kama milioni 10.

Kwa kuwa tunasema kweli, tumalizie habari yote. Mwaka 1989 Mazowiecki akawa waziri mkuu. Uchumi ukabadilishwa haraka, wafanyakazi wengi wakakosa kazi, na 1996 kiwanda kilekile cha meli cha Gdańsk kikatangazwa kufilisika. Wengi wa wenye nyundo walijiona wameachwa, na uchungu wa zamani ukarudi. Upatanisho hauwekwi kabatini kama cheti cha ubatizo. Hulishwa kila siku kama moto wa jikoni.

4. NENO LETU KWENU

Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 12:21 anafundisha kwamba jicho halina ruhusa ya kuuona mkono kuwa hauna kazi. Angalieni kwamba anaanza na jicho. Kiungo kilicho juu ndicho kinachoonywa kwanza.

Kwenu wenye kalamu, tunasema kwa upendo. Elimu yenu mlipewa na Mungu, na wengi mlilipiwa ada na mama aliyeuza muhogo. Jirani akikuta jina lake halipo katika orodha, mwandikieni barua ya malalamiko bila kudai soda. Tangazo likibandikwa, kaeni pale mlisome kwa sauti. Mtu akishikwa siku ya malalamiko, mmoja wenu aende kituoni, aandike jina lake na kuwaambia wa nyumbani kwake. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Msimpende ndugu yenu kwa kumhurumia mkiwa mmekaa ofisini.

Kwenu wenye nyundo, jembe na mizigo, tunasema kwa upendo uleule. Jasho lenu ni heshima mbele za Mungu, na Mwana wa Mungu mwenyewe aliitwa seremala. Lakini mkalimani anayewaletea habari mbaya hakuupunguza mgao; amebeba maneno ya wengine kama ninyi mnavyobeba magunia ya wengine. Msimpige. Mwenzenu akipata kazi ya ofisi msiseme ameuza ndugu zake kabla hamjamwuliza. Na akija kukaa nanyi, mpeni kigoda. Wale wa Gdańsk wangeweza kuwakumbusha wasomi mwaka 1970 na kuwafungia geti. Hawakufanya hivyo.

Na sisi tunaoongoza makanisa, tutazame mabenchi yetu. Kama viti vya mbele ni vya wenye suti, na kamati zote ni za wenye cheti, basi na sisi ni wakuu wa Tekoa. Katika kila kamati ya kanisa na awepo mtu wa mikono mwenye sauti sawa na wengine, na siku ya kuezeka nyumba ya mjane, mwalimu naye ashike nyasi.

Hatusemi watu wasilalamike. Kilio cha Nehemia 5 kimo katika Maandiko Matakatifu, wala Mungu hakukifuta. Tunasema tulie pamoja na tulie kwa amani, ili anayepaswa kutusikia asipate nafasi ya kusema, "Waacheni, wanapigana wenyewe." Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tuombe: Ee Mungu Baba, wewe uliyeumba jicho na mkono, utuondolee dharau sisi tuliosoma, na utuondolee chuki sisi tuliochoka. Utupe kuulizana habari za nyumbani kabla ya kuhukumiana. Siku ya shida itakapokuja, itukute tumesimama upande mmoja wa ukuta. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.