Uuguzi Huanza Kabla ya Fomu

Chuo cha jamii ni mojawapo ya njia fupi za kuwa muuguzi aliyesajiliwa nchini Marekani, na kwa kawaida ada yake ni ndogo kuliko ya chuo kikuu. Njia hii ilipendekezwa na Mildred Montag katika tasnifu yake ya mwaka 1951, nchi hiyo ilipokuwa na uhaba wa wauguzi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na majaribio yakaanza mwaka uliofuata. Mhitimu wa shahada ya miaka miwili inayotolewa na chuo hicho, iitwayo ADN, hufanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, anaoufanya aliyesoma miaka minne.

Wasemaji wengi wa Kiswahili waliohamia huko huifikia njia hii wakiwa tayari kazini, katika nyumba za kutunzia wazee. Wao ni CNA, yaani wasaidizi wa wauguzi, ambao sheria ya serikali kuu inataka wapate mafunzo ya saa zisizopungua 75. Wanajua kumwogesha mgonjwa bila kumvunjia heshima na kumgeuza kitandani asipate vidonda. Huo ni ujuzi wa thamani kubwa, na baadhi ya vyuo huuhesabia alama. Lakini peke yake hauwezi kumpatia mtu nafasi pale waombaji wanapozidi viti.

Miaka miwili inayotajwa huanza baada ya mtu kukubaliwa. Kabla yake yako masomo ya awali: anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, uandishi wa Kiingereza, saikolojia, na hesabu au takwimu. Vyuo vingi huwapanga waombaji kwa alama za masomo haya pamoja na mtihani wa kuingilia, kama TEAS, unaopima kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza. Vingine hutumia bahati nasibu au orodha ya kusubiri.

Hapa ndipo haraka inapowaumiza wengi. Mtu anayetoka zamu ya usiku, mwenye watoto wa kupeleka shule na ndugu nyumbani wanaomtegemea, hujibebesha masomo manne kwa muhula mmoja ili amalize upesi. Alama zikishuka, kuzirekebisha ni kazi, kwa kuwa vyuo vingi huweka kikomo cha kurudia somo. Ni heri masomo mawili yaliyoshikwa barabara. Hata hivyo, kuchelewa mno nako kuna gharama: vyuo vingi havipokei krediti za sayansi zilizopita miaka 5 au 7. Mpango mzuri hupimwa pande zote mbili, na mshauri wa masomo wa chuo ndiye wa kuulizwa kwanza. Familia nayo ina sehemu yake. Anayelea watoto jioni moja ili mama yao asome anachangia leseni ile kama aliyelipa ada.

Nyaraka hazipaswi kungoja dakika ya mwisho. Fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, hufungua mlango wa ruzuku ya Pell, ambayo kwa kawaida hairudishwi, na wenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, wanaruhusiwa kuiomba. Vyeti vya masomo kutoka nchi ya asili huhitaji kutathminiwa na taasisi inayokubaliwa na chuo. Kabla ya kwenda wodini, mwanafunzi hudaiwa uchunguzi wa rekodi za jinai, kipimo cha dawa za kulevya, cheti cha BLS (mafunzo ya msingi ya kuokoa maisha) na uthibitisho wa chanjo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B mara nyingi huchukua miezi 6 kukamilika. Aliyechanjwa BCG utotoni, kama ilivyo desturi Afrika Mashariki, anaweza kuonekana ana maambukizi ya kifua kikuu katika kipimo cha ngozi ilhali hana. Kipimo cha damu humfaa zaidi.

Lipo pia suala la uaminifu. Januari 2023 waendesha mashtaka wa serikali kuu huko Florida walitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kuhusu diploma bandia za uuguzi zaidi ya 7,600. Cheti cha kununua humweka mgonjwa mikononi mwa mtu asiyejua dozi ya dawa anayompa. Kabla ya kulipa ada popote, mwombaji ahakikishe kwamba programu imeidhinishwa na Bodi ya Uuguzi ya jimbo, tena aulize ithibati yake, kwa mfano ya shirika la ACEN.

Baada ya mahafali hubaki NCLEX-RN, ambayo tangu Aprili 2023 inatilia mkazo zaidi uamuzi wa muuguzi mbele ya hali halisi ya mgonjwa. Akishapata leseni, mhitimu anaweza kufanya kazi huku akisomea shahada ya kwanza. New York, kwa sheria ya mwaka 2017, huwataka wauguzi wapya kuipata ndani ya miaka 10. Subira, mpangilio na ukweli anavyojizoeza mwombaji tangu masomo ya awali ndivyo wodi itakavyomdai kila siku. Kwa sababu hiyo, muda wa kujiandaa haupotei: tayari ni sehemu ya uuguzi wenyewe.