Bloa ya Bei Poa na Kilichoachwa Ndani Yake

Fundi simu wa Kariakoo hahitaji mtaji mkubwa ili abandue aisi (chipu) ya chaji na kuweka nyingine. Anahitaji bloa, kibano, flaksi na macho mazuri. Bloa zilizozoeleka mezani ni za aina ya 858D: kiboksi kidogo chenye namba zinazowaka na mkono unaopuliza upepo wa moto. Zinatoka China kwa majina chungu nzima, na jina lililobandikwa mbele mara nyingi halikuambii lolote kuhusu kilichomo ndani. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine za Hakko wa Japani au JBC wa Hispania.

Kwa kazi hii pasi ya kulehemu peke yake haitoshi. Aisi nyingi za simu zimekalia miguu yake, haionekani wala haigusiki. Na vijipande vinavyozizunguka ni vidogo ajabu: kile kinachoitwa 0402 kina urefu wa milimita 1 na upana wa nusu yake, na 0201 ni kidogo zaidi ya hapo. Pasi hugusa mahali pamoja, ilhali upepo huyeyusha miguu yote kwa mpigo.

Mtazame fundi anayeijua kazi. Mkono wa bloa hautulii, unazunguka polepole juu ya aisi. Flaksi inachemka na kufuka moshi, kisha lehemu iliyokuwa imefifia inang'aa ghafla. Hapo anaigusa aisi kidogo kwa ncha ya kibano. Inasogea, halafu inajirudisha yenyewe mahali pake, kwa sababu lehemu iliyoyeyuka huivuta hadi ikae sawa. Akiona hivyo anaondoa moto. Asipoona, anangoja, na huko kungoja ndiko kugumu kumfundisha mwanagenzi.

Namba iliyo kwenye kioo haimwambii yote. Lehemu ya zamani, yenye bati 63 na risasi 37 kwa mia, huyeyuka kwenye nyuzi 183. Isiyo na risasi, iliyoenea baada ya Umoja wa Ulaya kuanza kuzuia risasi kwenye vifaa vya umeme Julai 2006, hutaka kama 217 na kuendelea. Bloa imeandika 350, lakini kipimajoto chake kimekaa ndani ya mkono. Joto linaloifikia bodi hutegemea pua uliyofunga, kasi ya upepo, na umbali. Mashine ya ghali hulishika joto lake vizuri zaidi. Hii ya bei poa inamwachia fundi sehemu ya kazi hiyo. Kwa hiyo anaisoma mashine yake mpaka anaijua tabia, na pale fedha ilipopungua anajazia kwa ustadi.

Namheshimu mtu wa namna hiyo, ila sipendi tunavyomsifu. Tunasema "vijana wetu wabunifu" na kuishia hapo, kana kwamba kila upungufu wa kifaa ni mtihani mzuri wa akili. Upungufu wa joto anauona na anaweza kuubeba. Upo mwingine asioweza kuubeba kwa kuwa hauoni. Katika nakala za 858D zilizokwisha kufunguliwa na wajuzi, zimo ambazo fyuzi na swichi ziliwekwa kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto, kiasi kwamba ukizima swichi, umeme bado umo ndani. Zimo pia ambazo waya wa ethi haukufika kwenye chuma cha mkono. Wepesi wa vidole hauwezi kuziba pengo hilo. Kinachosaidia ni mita ya kawaida: kabla ya kuichomeka mara ya kwanza, pima ukinzani kati ya pini ya ethi ya plagi na pua ya bloa. Isiposoma karibu na sifuri, ifungue au irudishe dukani.

Kuna na jambo la umeme wetu. Bloa hizi ukizirudisha kwenye kishikizo chake, sumaku huufahamisha mkono, moto unazimwa, na feni inaendelea kupuliza hadi hita ipoe. TANESCO wakikata katikati ya kazi, feni inasimama huku hita ikiwa bado ya moto, na hakuna namba kwenye kioo itakayokuonya.

Mteja naye yumo humu, ingawa yeye kaacha simu tu akaenda kunywa chai. Hajui kwamba soketi ya plastiki iliyo jirani na aisi inaweza kulainika, wala kwamba betri inapaswa kutolewa kwanza. Fundi mwaminifu humwambia mapema: inaweza kupona, inaweza kuharibika zaidi, na bei ni hii. Wengi hukwepa kusema hivyo wakihofia mteja atahamia meza ya pili, na hofu hiyo naielewa.

Lakini sitaki mzigo wote umwangukie mwenye meza. Waagizaji wanazileta bloa hizi kwa wingi, nao ndio wenye sauti kiwandani. Wanaweza kudai waya wa ethi ufike puani na fyuzi ikae kwenye waya wa moto, wakafungua mbili tatu katika kila mzigo kuhakikisha, kisha wakaongeza elfu chache kwenye bei. Fundi atakayezilipa hizo elfu chache hajaibiwa.