Mwenye Kudanganywa Katika Mali ya Wenziwe: Je, Ana Dhamana?

 

Suala ni hili. Mtu amepewa mali ya wenziwe awanunulie chombo kizito kutoka ng'ambo, naye akakinunua kwa njia ya intaneti, akalipa bei na akalipa nauli, na chombo hakikufika kwa kuwa hakikuwako kamwe. Je, mtu huyu ni mdhulumiwa, mwenye kustahiki huruma peke yake, au ni mdaiwa, ambaye wenziwe wana haki juu yake? Wenye moyo laini husema: kaibiwa, na aliyeibiwa halipi. Wenye mali husema: fedha zilitoka mkononi mwake, basi mkono huo huo uzirudishe. La kwanza ni neno la huruma na la pili ni neno la uchungu, na sharia haikujengwa juu ya moja katika hayo mawili.

Na iwekwe sura ya jambo kwa mfano, na watu wake waitwe kwa majina yaliyozoewa katika vitabu vya fikihi. Pande za Mwanza, Sengerema na Geita watu wengi huchimba dhahabu kwa mitaji ya kuchangiana, na mtambo mmoja wa kuchimbia, ule uitwao kijiko, hufanya kwa siku moja kazi ya majembe mengi. Basi watu kumi na wawili wamechanga fedha zao, wakamwakilisha Zaidi awanunulie kijiko kikuukuu cha tani 20. Mmoja wa hao kumi na wawili ni Amri, na mchango wake si mali yake, bali ni mali ya mayatima ambao yeye ni walii wao. Zaidi akaona katika intaneti picha ya mtambo ulioambiwa uko Japani, na bei yake ni karibu na nusu ya bei ya sokoni. Muuzaji akamwambia: usihangaike kutafuta mchukuzi, yuko mchukuzi wangu mwaminifu, naye atazishika fedha zako kwa amana mpaka mtambo utakapopakiwa. Zaidi akapeleka bei, kisha nauli. Baadaye akaletewa habari kwamba mzigo umezidi uzito, akalipa, kisha kwamba kuna ada ya bandari ya njiani, akalipa, kisha kimya.

Wakili katika sharia ni amini. Mali iliyo mkononi mwake ikipotea bila ya yeye kuvuka mpaka wala kufanya taksiri, hana dhamana. Na akidai kwamba imepotea, husadikiwa kwa kiapo chake. Hukumu hii ni rehema kwa watu, kwani lau kila wakili angelazimika kulipa kila kilichopotea, hapana mtu ambaye angekubali kumtumikia mwenziwe. Walakini amini huyo akifanya taksiri, huingia katika dhamana kama mdaiwa mwingine. Kwa hiyo suala lote la Zaidi linasimama juu ya neno moja: je, alilolifanya ni taksiri?

Na taksiri haijulikani kwa kukisia. Hupimwa kwa desturi ya wenye kazi hiyo. Mchungaji aliyelala mahali ambapo wachungaji hawalali amefanya taksiri, ijapokuwa fundi wa saa hangejua hivyo. Haiwezekani basi kumhukumu Zaidi mpaka zijulikane desturi za watu wa shehena, na hapo ndipo wengi wanaotoa hukumu barazani husita, kwani hawajapata hata siku moja kuishika hati ya shehena mikononi mwao.

Desturi ya kwanza ya watu hao ni kwamba mchukuzi hatafutwi na muuzaji asiyejulikana. Mnunuzi humtafuta mwenyewe, au humfuata wakala wa forodha aliye na leseni ya Mamlaka ya Mapato, akamwona ofisini mwake kwa macho, na jina lake akalitazama katika daftari la usajili wa makampuni. Matapeli hupenda kuiba jina la kampuni ya kweli, wakabadili herufi moja katika anwani ya barua zao; ndiyo maana wenye uzoefu hawapigi simu kwa namba iliyoandikwa katika barua, bali huitafuta namba ya kampuni hiyo mahali pengine, wakauliza. Kadhalika wakiletewa habari kwamba hesabu ya benki imebadilika na fedha zipelekwe kwengine, hawapeleki hata shilingi moja mpaka wamesikia sauti ya mtu wanayemjua.

Desturi ya pili ni kupima. Kijiko cha tani 20 upana wake ni karibu na mita 3. Kontena la kawaida upana wake wa ndani ni kiasi cha mita 2 na sentimita 35. Anayesema kwamba ameutia mtambo kama huo mzima mzima ndani ya kontena lililofungwa milango amesema uwongo ulio wazi mbele ya mtu mwenye kamba ya kupimia. Mitambo hiyo husafirishwa kwa merikebu za kuingiza magari kwa magurudumu yake, au juu ya kontena la wazi lisilo na kuta, au hufunguliwa vipande. Na Zaidi alipelekewa karatasi yenye namba ya kontena lililofungwa. Na namba yenyewe ina siri yake: kila kontena lina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho hutokana na hesabu ya zile zilizotangulia, hata namba ya kubuni mara nyingi huumbuka kwa hesabu hiyo tu. Tena namba ya hati ya shehena huulizwa kwa wenye merikebu wenyewe, nao hujibu bila ya malipo kama wanaijua au hawaijui.

Kufungua vipande si jambo geni kwa watu wa ziwa. Merikebu William Mackinnon, iliyoshushwa majini Kisumu mwaka 1900, iliundwa Uingereza, ikafunguliwa, ikaletwa Mombasa na kupelekwa ziwani vipande vipande kabla ya reli kuwasili huko mwaka 1901. Mwanza yenyewe haikupata reli mpaka mwaka 1928. Tangu hapo mpaka leo chombo kizito kiendacho ziwani hupita mikono mingi, na kila mkono ni mahali pa kuuliza.

Tatu, ziko karatasi ambazo watu huzidhania kuwa ni ngao, nazo hazikinga linalodhaniwa. Benki ikitoa hati ya dhamana ya malipo, hutazama karatasi, haitazami mtambo. Karatasi zikilingana na masharti, hulipa, ijapokuwa ndani ya shehena mna mawe. Na herufi C.I.F., ambazo wengi huzifahamu kwamba muuzaji ana dhima mpaka Dar es Salaam, maana yake ni kwamba muuzaji hulipa nauli na bima. Ama hatari ya mali, humhamia mnunuzi tangu pale mzigo unapopakiwa katika merikebu. (Bima ina mlango wake katika fikihi na maneno yake ni mengi, wala si mahali pake hapa.) Kinga ya kweli ni mtu wa kuaminiwa kuuona mtambo kabla ya fedha kutoka, akasoma namba iliyochongwa katika chuma chake na kuilinganisha na iliyoandikwa.

Ama malipo ya serikali, hayo ni mepesi kuyajua. Ushuru wa Tanzania hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo itolewayo na serikali, na fedha huingia katika hazina. Hapana ushuru ulipwao kwa namba ya simu ya mtu. Na njia ya nchi kavu nayo ina alama zake: mzigo mpana kupita kiasi hauendi barabarani ila kwa kibali, basi mwenye tela ambaye anataja nauli ya kutoka Dar es Salaam mpaka Geita bila ya kuuliza upana wala uzito, huyo ama hana tela au hajui kazi. Zamani wangesingizia hata foleni ya kivuko cha Busisi. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2025 udhuru huo umekwisha.

Zaidi huenda akasema: nilimdhania wema mja wa Mwenyezi Mungu, na dhana njema tumeamrishwa. Hoja hii ina nguvu katika nyoyo za watu wa pwani, kwani muungwana huona haya kumwambia mtu, nionyeshe leseni yako, hasa mtu huyo akiwa ameanza kwa salamu na jina la Kiislamu. Lakini dhana njema ni haki ya heshima ya mtu: asisengenywe, asituhumiwe wizi bila ya ushahidi. Haikuwa kamwe ni ruhusa ya kumkabidhi mali ya watu asiyejulikana. Inasimuliwa kwamba Seyyidna Omar alimwuliza mtu aliyemsifu mwenziwe mbele yake kama aliwahi kuwa jirani yake, au kusafiri naye, au kuamiliana naye kwa fedha. Aliposema la, akamwambia kwamba hamjui. Basi ikiwa kumsifu kwa ulimi kulihitaji yote hayo, kumpa fedha za watu kumi na wawili kwahitaji nini?

Wala asiseme kwamba alitawakali. Mtu aliyeuliza kuhusu ngamia wake aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) kumfunga kwanza, kisha kutawakali, na habari hiyo ameipokea Tirmidhi.

Hata hivyo wenye kumlaumu Zaidi kwa ukali nao wana la kuzingatia. Alikuwako zama za Mtume (s.a.w.) mtu aliyekuwa akidanganywa katika biashara, na baadhi ya mapokezi yanamtaja kuwa ni Habban bin Munqidh. Mtume hakumcheka wala hakumwita mpumbavu. Alimfundisha sharti la kulisema kila anaponunua, kwamba pasiwe na kulaghaiana. Laana ya utapeli iko kwa tapeli. Na tapeli wa leo hukaa nchi ya mbali, hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humfikia kwa shida, ndipo hasira ya watu ikamwangukia aliye karibu. Kumtoza mtu dhamana ni jambo moja, na kumvunjia heshima yake msikitini ni jambo jingine. La pili halikuhalalishwa na la kwanza.

Na asili ya mkataba wenyewe ilikuwa na kasoro kabla ya tapeli kuingia. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, kama alivyoithibitisha Imamu Nawawi katika Minhaj, ni kwamba kuuza kitu mahsusi kisichoonwa hakusihi. Salamu, yaani kununua kwa sifa, hufaa katika kitu kilichomo katika dhima, si katika mtambo fulani uliosimama katika uwanja fulani. Njia iliyobaki ni ile ya kipofu: kipofu katika madhehebu hanunui kwa nafsi yake, humwakilisha aonaye, naye huona na kufunga mkataba. Mtu wa Mwanza na mtambo ulioko Japani ni kipofu kwa mtambo ule, awe na picha mia katika simu yake.

Sasa hukumu ya mfano. Ada za mwisho, za uzito na za bandari, ni juu ya Zaidi peke yake. Hakuruhusiwa kuzitoa, na alizitoa baada ya karatasi ya kontena kuwa ushahidi mikononi mwake. Nauli nayo ni juu yake, kwani wakili anapolazimika kuwakilisha mwingine kwa kazi asiyoiweza, sharti yake ni kumwakilisha amini, na mchukuzi huyu hakujulikana ila kwa kauli ya mwenye kudaiwa. Bei ndiyo yenye mvutano. Wanavyuoni wamesema kwamba wakili wa kuuza akikabidhi bidhaa kabla ya kupokea thamani yake huwa na dhamana, na mwenye kutoa bei kabla ya kushika bidhaa ni mfano wake, isipokuwa wenziwe wawe wamemwambia wazi: peleka. Zaidi atasema: niliwaonyesha picha na bei, nao wakanyamaza. Kanuni mashuhuri ya madhehebu ni kwamba aliyenyamaza hanasibishiwi kauli. Basi kunyamaza kwao si idhini. Na atakayethibitika kuwa alisema, peleka, fungu lake halidaiwi.

Wanaodai wana haki ya kumpa muhula, kwani mdaiwa aliye katika dhiki hungojewa mpaka apate, na wakimsamehe kila mmoja katika fungu lake ni wema wao. Ama Amri hana la kusamehe, kwa kuwa mali si yake. Walii hakuruhusiwa kuitia mali ya mayatima katika mtambo asiouona yeye wala wakili wake. Atawalipa mayatima fungu lao kutoka katika mali yake mwenyewe, wasingojeshwe kesi ya wakubwa, kisha yeye ndiye atakayesimama pamoja na wenziwe kumdai Zaidi.