Kilele cha Maji Kiko Wapi?

Kilele katika mfululizo wa vipimo ni thamani inayozizidi zilizoitangulia na zinazoifuata. Maelezo hayo yanaonekana kutosha, lakini yameficha swali: inazizidi zipi, kuanzia wapi hadi wapi? Kihisi cha maji kilichofungwa bandarini hutoa namba tu, na mwanzo wa mzunguko haukuandikwa ndani yake. Anayetafuta kilele cha kila mzunguko hana budi kuikata data kwanza. Plato, katika Phaedrus, alimfananisha mgawanyaji mzuri wa mambo na mchinjaji anayefuata viungo bila kuvunja sehemu yoyote. Je, data ya bahari ina viungo?

Zanzibar maji hujaa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kati ya kujaa na kujaa hupita takriban saa 12 na dakika 25. Anayekata kwa tarehe, usiku wa manane hadi usiku wa manane, hupata vilele viwili siku nyingi, kisha ghafla anapata kimoja. Tuseme maji yalijaa saa 5:25 usiku, yakajaa tena saa 5:50 mchana, na yanapojaa mara ya tatu ni saa 6:15 usiku, tarehe imeshageuka. Akikata vipande vya saa sita, mambo huharibika zaidi. Katika kipande ambacho maji yalikuwa bado yanapanda, thamani kubwa zaidi ni ya mwisho, pale mkato ulipopita, na programu itaiita kilele ilhali bahari ingali inajaa.

Mtu anaweza kudai basi kwamba vilele vyote hubuniwa na mpimaji. Dai hilo linakwenda mbali mno. Tarehe haiyavuti maji. Mwezi ndio unaoyavuta, na jua likisaidia. Mipaka ikiwekwa pale maji yanapokupwa, kila kipande hubeba kilele kimoja, mwaka mzima. Kukata ni uamuzi wa mtu, naam, lakini uamuzi unaoweza kukosewa hauwezi kuwa ubunifu mtupu.

Uamuzi wenyewe huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika vituo vingi, chombo cha kupimia huwekwa ndani ya bomba lenye tundu dogo chini, maji yaingie polepole na mawimbi yasikitikise. Hivyo kabla namba ya kwanza haijasomwa, bomba limeshaamua kwamba wimbi la sekunde chache halihesabiwi kuwa kilele.

Kisha kuna suala la wakati. Maji yanapokaribia kujaa hupanda kwa uvivu; kihisi kinachosoma kwa sentimita kinaweza kurudia namba ileile kwa robo saa na zaidi. Wavuvi husema maji yamesimama. Aristotle, katika kitabu cha nane cha Fizikia, alishikilia kwamba kitu kinachogeuza mwendo lazima kitulie kwanza, na Ibn Sina alikubaliana naye. Mwanafalsafa Abu al-Barakat al-Baghdadi alikataa, na karne nyingi baadaye Galileo naye akakataa. Namba zinazojirudia haziwapi Aristotle na Ibn Sina ushindi, kwa sababu utulivu huo ni wa kipimo kisichoona milimita. Kasi hufikia sifuri kwa nukta moja ya wakati, isiyo na urefu wowote. Wachakataji data kwa kawaida huchukua katikati ya namba zilizolingana, na hakuna ubaya.

Kilele pia kina ngazi. Kujaa kwa leo ni kilele cha mzunguko wake, lakini wakati wa maji mafu huwa chini sana kuliko kujaa kwa bamvua, na bamvua zenyewe hupishana kwa kimo katika mzunguko wa mwezi wa miaka 18.6.

Vilele vingine havifuati mzunguko huo kabisa. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliyoanzia karibu na Sumatra ilifika pwani ya Afrika Mashariki, nayo ikazusha vilele vilivyofuatana kwa nafasi fupi kuliko saa moja. Programu inayosubiri kilele kimoja kwa kila saa 12 na dakika 25 ingevifuta kama hitilafu ya kihisi. Wataalamu wa tahadhari ya tsunami hufanya kinyume chake: huondoa kujaa na kupwa kwenye data, kisha hutafuta vilele katika kilichobaki.