Usiwahamishe Watoto Gizani

Binti yangu, nimesikia umepata kazi Mombasa na unataka kuondoka na watoto. Sikulaumu. Hapa Ndhiwa tunajua jinsi miwa inavyokawia shambani ikingoja kukatwa, na karo haingoji. Tena korti imekupa wewe malezi, na ni wewe unayewalisha. Lakini nimekaa katika vikao vingi vya ndoa zilizovunjika, na nimechoka kusikiliza kesi ile ile kila mwaka. Nivumilie nikwambie.

Kupewa malezi si kupewa mali. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake, na baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 imefuata njia hiyo: maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia. Zamani sisi Waluo tulishikilia kwamba ng'ombe wa mahari wakishatolewa, mtoto ni wa kwa baba, na mama akiachika arudi kwao mikono mitupu. Wanawake wengi walilia. Sheria ilikuja kuwafuta machozi hayo, haikuja kumpa mama ruhusa ya kumtendea mwenzake yale aliyotendewa yeye.

Nimeona yanavyokuwa. Mama anawaamsha watoto saa kumi za usiku, mkubwa anashindilia sare ya shule kwenye mfuko wa plastiki, wanapanda boda hadi steji. Nyanya akija kuwaita wanywe uji, wameshapita Rodi Kopany. Laini ya simu imebadilishwa. Baba anakimbilia kwa chifu, kisha kwa wakili, na pesa ambazo zingelipa karo zinaishia kwenye kesi. Na yule mdogo wa Gredi ya pili, aliyekuwa akifundishwa kwa Dholuo, anajikuta Likoni mbele ya mwalimu asiyejua neno moja la lugha yake. Ananyamaza, anadhaniwa mzito wa akili, na sauti ya baba ambayo ingemtia moyo jioni haipo.

Kwa hiyo fanya mambo mchana. Mwambie baba yao mapema unakwenda wapi, watakaa mtaa gani, watasoma shule gani. Kubalianeni siku za kupiga simu. Kubalianeni likizo ya Aprili, ya Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka: nani anawachukua, nani analipa nauli, nani anawapokea steji ya Homa Bay. Andikeni, mtie sahihi. Mkishindwa, nendeni kwa afisa wa watoto. Mkishindwa hapo, korti ya Ndhiwa ipo. Na kwa kuwa tayari kuna amri ya malezi, rudi kwa hakimu uombe irekebishwe kabla hujaondoka. Wale wanaofikiria kuvuka Isebania waingie Tanzania wawe waangalifu zaidi, maana amri ya hakimu wa Kenya haivuki mpaka yenyewe.

Ila kama anakupiga, au anawadhuru watoto, usingoje kikao cha mzee yeyote. Ondoka leo. Piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, na uripoti polisi. Ukishafika penye usalama, wahi kortini ueleze kwa nini ulitoka, ili kukimbia kwako kusije kukaitwa wizi wa watoto.

Nawe baba watoto, usidhani nimekusahau. Huwezi kukaa mwaka mzima bila kutuma hata pesa ya daftari, kisha mama akitaka kuhama ndipo ukumbuke kuwa una watoto. Usiwatumie kumfunga mwanamke asitafute riziki. Kama ni baba, tuma matumizi, piga simu, panda basi uwafuate.

Basi, mwanangu, kabla ya kukata tiketi mwite baba yao, na kila upande ulete mtu mzima mmoja. Mkielewana, waambieni watoto nyinyi wawili pamoja, na mkubwa mumsikilize anasemaje, kwa maana hata hakimu humuuliza. Ukishamaliza hayo, nenda Mombasa ukafanye kazi yako, na hapana mtu Ndhiwa atakayekuwa na neno juu yako.