Dhima ya Kompyuta Angani

Swali la nani anayejibu kwa uamuzi uliofanywa na mashine hudhihirika vizuri katika nchi kama ya Rungwe Mpya, kata ya Wilaya ya Kasulu, ambako ardhi imeinuka mamia ya meta juu ya Ziwa Tanganyika, na injini iliyotegeshwa mlimani haifai kushushwa ziwani bila kuguswa tena. Injini inayozungumziwa hapa ni ile ndogo ya ndege nyepesi, ya mipigo miwili, yaani inayokamilisha kazi yake kwa mzunguko mmoja tu, na ambayo, sawa na chenso za wapasua mbao na injini nyingi za mitumbwi, hulainishwa kwa oili iliyochanganywa na petroli.

Kwa desturi petroli huingia kupitia kabureta, chombo kinachoipima kwa kitundu kiitwacho jeti. Kwa kila meta 500 za kupanda, hewa hupungua uzito kwa takribani asilimia 5, hivyo jeti iliyofaa Ujiji, karibu na ziwa, humwaga petroli kupita kiasi Kasulu, na injini hutoa moshi na kuishiwa nguvu. Kinyume chake ndicho cha kuogopwa: jeti ndogo iliyochaguliwa kwa ajili ya mlima, ndege inaposhuka ziwani, hutoa petroli pungufu, na kwa kuwa petroli hiyo na oili yake ndizo zinazosaidia kuipoza pistoni, joto hupanda, pistoni hutanuka na injini hukamata. Mtumbwi uliozimikiwa na injini huelea, lakini ndege haina budi kutua. Kampuni ya Rotax ya Austria, iliyotengeneza injini maarufu ya 582, huonya waziwazi katika kitabu chake kwamba injini ya aina hiyo inaweza kuzima ghafla, na kwamba rubani asiruke mahali asipoweza kutua salama bila nguvu yake.

Fundi wa kabureta hufungua plagi na kuitazama ncha yake kwenye mwanga: nyeupe ni dalili ya petroli pungufu, nyeusi yenye utelezi ni dalili ya petroli iliyozidi, na ikiwa na rangi ya buni iliyokaangwa, mambo yako sawa. Kisha hubadili jeti kwa mkono wake, na rubani anamjua aliyeibadili.

Mfumo wa kielektroniki wa kupulizia petroli huondoa kazi hiyo mkononi mwa fundi. Sensa hupeleka kwenye kompyuta habari za kasi ya injini, joto na mgandamizo wa hewa, nayo, kwa kufuata jedwali ililowekewa, huamua nozeli ifunguke kwa sehemu ngapi za elfu za sekunde. Faida yake ni ya kweli, kwani mlima na ziwa husawazishwa bila mtu kushika bisibisi. Hata hivyo, katika injini ya mipigo miwili sehemu ya hewa safi hutoroka kwenye eksozi kabla ya kuungua, kwa hiyo sensa ya oksijeni huiona hewa hiyo na kutoa ushahidi ulio kweli kwa ilichokiona, lakini unaopotosha kuhusu kilichotokea ndani ya silinda. Tena, pampu ya mfumo huu hutegemea umeme, na waya mmoja uliokatika waweza kuzima kila kitu. Ndiyo maana Rotax ilipotoa injini ya 912 iS mwaka 2012, nayo ni ya mipigo minne, iliiwekea udhibiti wa kompyuta wa njia mbili, ili njia moja ikishindwa nyingine iendelee.

Basi aliyeamua ni nani? Si kompyuta, maana haiwezi kuulizwa. Sura ya al-Ahzab katika Qurani, aya ya 72, inaeleza kwamba mbingu, ardhi na milima vilipewa amana vikakataa kuibeba, akaibeba mwanadamu. Ni vigumu kuona jinsi kisanduku cha waya kingeweza kuibeba pale milima iliposhindwa. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, inamwamuru ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari, asije akawa na hatia ya damu mtu akianguka, na hatia hiyo humwangukia mjenzi ingawa hakumsukuma mtu. Aliyeandika jedwali la petroli yuko mahali pa mjenzi huyo, hata kama aliliandika mezani, mbali na Kasulu, asijue wembamba wa hewa ya huko wala maji yaliyomo ndani ya petroli ya kwenye dumu.

Watu wanaoviamini vitabu hivi viwili husema baada ya ajali kwamba ni mapenzi ya Mungu, nao hawakosei kumkabidhi Yeye kilicho chake, ila kauli hiyo haimfutii mtu wajibu aliokuwa nao kabla ya ndege kuruka. Kwa hiyo yeyote afungaye mfumo huu na aandike, kwa jina lake, jedwali lilijaribiwa katika mwinuko gani, kwa petroli gani na katika joto gani, kisha amkabidhi rubani karatasi hiyo. Na isipokuwapo, ndege ibaki chini.