Vidole na Mizani

Wahenga walinena kwamba vidole havilingani. Neno hili ni la kweli, lakini mara nyingi limetumiwa kufunika dhuluma. Kutolingana kwa vidole ni maumbile. Kutolingana kwa shule za Tanganyika wakati wa ukoloni kulikuwa kazi ya mikono ya watu. Wazungu, Waasia na Waafrika walitengewa shule mbalimbali, na rangi ya mtoto ndiyo iliyoamua atafundishwa wapi.

Tulipata Uhuru mwaka 1961, na mwaka 1962 shule zikawekwa chini ya mfumo mmoja. Hata hivyo, sheria hufungua mlango. Haimrudishii mtu miaka aliyokaa nje. Kwa hiyo Waafrika wakatangulizwa katika nafasi za utumishi serikalini. Januari 1964 Mwalimu Nyerere aliukomesha utaratibu huo, ili raia wote wahesabiwe sawa. Walionung'unika walikuwa na sababu, maana jeraha lilikuwa bado bichi. Lakini dawa ipimwayo kwa rangi ya ngozi, ikinywewa bila kikomo, huzaa ugonjwa ule ule.

Je, serikali ikifika ukomo wa uwezo wake, haki nayo imekoma? La hasha! Serikali yaweza kumjengea mtoto shule. Haiwezi kumpa babu aliyesoma, wala kumtilia mwalimu moyo wa kumsubiri mwanafunzi aliyechelewa kuanza safari. Hapo ndipo wajibu wetu unapoanza. Bahati haina mizani. Mizani tunayo sisi.